Huruma Inahitaji Maziwa



Tangu turudi kutoka Samburu simu yangu haijapumzika. Wengine mmeuliza kama tuliona simba. Wengine mmeuliza safari nyingine ni lini. Na mama mmoja wa kwaya ameuliza kwa nini niliweka picha ya ndovu wadogo wakinyonya chupa, nikaandika chini yake neno moja tu, "Maziwa", bila maelezo. Leo natoa maelezo. Jitengenezee chai, ukae, maana ujumbe huu ni mrefu kuliko ilivyo kawaida yangu.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wetu walimu wa shule ya Jumapili, watu wanaoshinda na watoto wa wengine kila wiki. Ilikuwa mwezi wa Februari, kabla ya mvua ndefu. Tuliondoka Eldoret saa kumi alfajiri, na Timboroa tulipita tumejifunika mablanketi. Kama hujawahi kwenda huko, jambo la kwanza litakalokushangaza ni kwamba ukitoka kwetu kwenda kaskazini kwa barabara ya lami, unaanza kwa kwenda kusini. Unavuka ikweta, unashuka hadi Nakuru, kisha unapanda tena kuelekea Nyahururu, Nanyuki, halafu Isiolo. Kule Nyahururu tulisimama kutazama maporomoko ya maji. Mto ule unaitwa Ewaso Narok, na maji yake huteremka hadi kuungana na Ewaso Ng'iro, mto unaopita katikati ya nchi kavu ya Samburu. Kwa hiyo maji tuliyoyaona yakianguka kwa kelele nyingi mahali penye baridi, ndiyo yanayowaendea wanyama wa mahali penye jua kali.

Baada ya Isiolo dunia inabadilika. Mahindi yanaisha, ngano inaisha, nyasi zenyewe zinakuwa za kuhesabika. Sisi tumezoea Uasin Gishu, ambako ukiacha shamba bila kulima linaota lenyewe. Kule Archer's Post joto lilitupokea mlangoni mwa gari, na mzee mmoja kati yetu akasema kwa sauti ya chini, "Hawa wanyama wanakula nini?"

Wanakula, mpendwa. Samburu kuna wanyama watano ambao wageni huenda kuwatafuta kwa sababu ni wa nchi za kaskazini na hutawaona kwa urahisi kwingine. Kuna twiga ambaye mabaka yake yamepangika kama wavu mweupe juu ya ngozi nyekundu. Kuna choroa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Kuna mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na miguu yenye rangi ya buluu. Kuna swala twiga, mwembamba, shingo ndefu, anayesimama kwa miguu ya nyuma kama mtu anayetafuta kitu juu ya kabati, ili ayafikie majani ambayo swala wengine hawayapati. Na kuna punda milia wa Grevy, mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya duara. Huyo wa mwisho alinifanya ninyamaze. Miaka ya 1970 inakadiriwa walikuwa kama 15,000. Leo katika dunia nzima wamebaki karibu 3,000, na wengi wao wako hapa Kenya.

Mnakumbuka ukame ule uliomalizika mwaka wa 2023, tulipokuwa tukikusanya unga na mafuta kanisani kupeleka kaskazini. Mwaka wa 2022, kuanzia Februari hadi Oktoba, Wizara ya Utalii na Wanyamapori ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa kwa ukame huo, na punda milia wa Grevy 49. Tulikuwa tukiwaombea watu, na ilikuwa haki kuwaombea. Lakini katika nchi ile ile kulikuwa na mama ndovu aliyekuwa akikaukiwa maziwa, na mtoto amesimama chini yake.

Jioni ya siku ya kwanza tulikaa ndani ya gari kando ya Ewaso Ng'iro, injini imezimwa. Familia ya ndovu ilishuka mtoni, ikiongozwa na jike mzee zaidi, kama ilivyo desturi yao. Mto ulikuwa umepungua, mchanga mwingi, maji kidogo. Wakubwa walikwangua mchanga kwa miguu na mikonga mpaka maji yakajikusanya shimoni. Katikati yao alikuwepo mdogo mmoja ambaye hajajua kuutumia mkonga wake. Alikuwa akiuzungusha kama mtoto aliyevaa shati la baba yake, mikono haijulikani iko wapi. Akapiga magoti, akanywa kwa mdomo. Kisha akaingia chini ya mama yake kunyonya. Ndovu jike hubeba mimba kwa miezi 22, na mtoto hutegemea maziwa kwa miaka miwili au zaidi. Mungu hakumuumba mtoto yeyote wa kulelewa kwa haraka.

Hapo ndipo kijana Msamburu aliyekuwa akituongoza alipotusimulia habari ya simba jike mmoja. Ni kisa kinachojulikana, kilipigwa picha na kutengenezewa filamu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2002, katika hifadhi ile ile tuliyokuwamo, simba huyo alionekana akitembea na ndama wa choroa. Hakumla. Alimlinda. Alilala karibu naye, akamfuata alikokwenda. Watu wakampa jina Kamunyak, yaani aliyebarikiwa. Watalii walimiminika kumwona.

Sisi ndani ya gari tulifurahi. Mmoja akasema, "Isaya 11!" Wengine wakaitikia amina. Mmeijua sura ile, nabii anapouona wakati ambapo mnyama mkali na mnyama mpole watalala pamoja. Dada mmoja akaanza hata kulia.

Kijana yule alituacha tumalize, kisha akasema kwa upole, "Lakini Pasta, hakuwa na maziwa."

Wapendwa, nimehubiri miaka mingi, na sijui kama nimewahi kusikia mahubiri mafupi kama hayo.

Maana hivi ndivyo ilivyokuwa. Simba yule alimlinda ndama, lakini hakuweza kumnyonyesha. Na kwa kuwa hakutaka kumwacha peke yake, yeye mwenyewe hakuweza kwenda kuwinda vizuri. Wote wawili wakakonda pamoja. Baada ya kama wiki mbili, simba dume akamuua yule ndama. Baadaye Kamunyak alimchukua ndama mwingine wa choroa, na mwingine, na mwingine. Upendo wake haukuwa wa uongo. Hakuna aliyemwona akasema anaigiza. Ila mtoto aliyemshika alikuwa na njaa tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho.

Usiku ule sikulala mapema. Niliyasikia maneno ya yule kijana yakijirudia, nikaanza kuwaza juu ya nyumba zetu hapa Eldoret. Nitafika huko. Kwanza nikupeleke Reteti.

Siku ya pili tuliamka mapema tukafuata barabara mbaya yenye vumbi hadi ndani ya hifadhi ya jamii inayoitwa Namunyak, karibu na milima ya Mathews. Sikiliza jina hilo. Kamunyak, Namunyak, ni shina lile lile la neno la Kisamburu, heri na baraka. Huko ndiko kuna Reteti, kituo cha ndovu yatima kilichofunguliwa mwaka wa 2016. Ni cha wananchi wenyewe wa Namunyak. Walezi wa ndovu hao ni vijana wa kiume na wa kike wa Kisamburu, watoto wa wafugaji.

Wale ndovu wadogo wamefikaje pale? Wengine mama zao walikufa. Lakini wengi, tuliambiwa, walitumbukia visimani. Msimu wa kiangazi Wasamburu huchimba visima virefu katika mchanga wa mito iliyokauka, ili ng'ombe na mbuzi wao wanywe. Usiku ndovu husikia harufu ya maji, huja, na mdogo huteleza akaanguka ndani. Mama hujaribu kumvuta, hushindwa, na kukipambazuka watu wakija na ng'ombe, familia hulazimika kuondoka. Tafakari hilo kabla hujaanza kumtafuta wa kulaumiwa. Mfugaji alichimba ili mifugo wake waishi. Mama ndovu alikuja kwa sababu ya kiu. Hakuna mwovu katika habari hii, na bado kuna mtoto chini ya shimo, analia.

Walezi wakimtoa, kwanza hujaribu kumrudisha kwa familia yake. Hilo ndilo jambo la kwanza, siyo la mwisho. Wakishindwa, ndipo anapoletwa Reteti.

Tulisimama nyuma ya kizuizi cha miti saa ya kulishwa. Tulisikia kabla ya kuona. Wakatoka vichakani mbio, masikio yamefunguka, kila mmoja akienda moja kwa moja kwa mlezi wake mwenye chupa kubwa. Mmoja alimaliza akaanza kuisukuma chupa ya mwenzake. Watu wazima kumi na wawili wa Eldoret tulicheka kama watoto. Na hiyo ndiyo ile picha.

Sasa sikia habari ya maziwa yenyewe. Ndama wa ndovu hawezi kupewa tu maziwa ya ng'ombe ukasema umemsaidia. Marehemu Dkt. Daphne Sheldrick, aliyelea ndovu yatima hapa nchini kwetu, alichukua miaka mingi akijaribu na kushindwa, akiwazika wadogo wengi, kabla ya kupata mchanganyiko ambao waliweza kuishi nao. Alikuwa amewapenda wote, hata wale waliokufa. Lakini ilimbidi ajifunze ni kitu gani hasa mtoto huyu anaweza kunywa.

Na pale Reteti, kwa miaka hii ya karibuni, wamejifunza kutumia maziwa ya mbuzi. Unajua yanatoka wapi? Kwa akina mama Wasamburu wa vijiji vya karibu. Wanakamua mbuzi wao, wanaleta maziwa, wanalipwa. Mama anapata pesa ya chakula na ya shule, ndovu anapata uhai. Mtoto wa ndovu aliyeanguka katika kisima cha wafugaji anaishi kwa maziwa ya mbuzi wa wafugaji.

Niliposikia hilo nilifungua Kutoka 2 mbele ya wenzangu, pale pale chini ya mti. Unaijua habari. Binti Farao anashuka mtoni, anaona kisafina katika matete, anafungua, mtoto analia, naye anamhurumia. Mara nyingi sisi wahubiri tunaishia hapo. Tunasifu huruma yake tukapiga makofi. Lakini Biblia haikuishia hapo. Dada yake Musa, msichana mdogo, anatokeza na kuuliza swali la maana kuliko yote siku ile: je, akaite mama wa Kiebrania amnyonyeshe? Maana binti Farao alikuwa na jumba, alikuwa na mamlaka, alikuwa na huruma ya kweli, lakini hakuwa na maziwa. Na alipoambiwa, alikubali, akamwita mama yule, akaahidi kumlipa mshahara. Mama mzazi wa Musa alilipwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe!

Huruma ilimtoa Musa majini. Maziwa ndiyo yaliyomfikisha utu uzima. Na katikati ya hayo mawili alisimama msichana aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza, "Atakula nini?"

Sasa turudi nyumbani. Nakuomba usikasirike nami.

Mwaka wa 2022 nchi yetu ilipata Sheria mpya ya Watoto, na mwaka huo huo serikali ikazindua mkakati wa miaka 10 wa kuwatoa watoto katika makao ya watoto na kuwarudisha katika familia: kwa jamaa zao, au kwa familia nyingine zitakazowapokea. Nakubaliana nao. Mtoto ameumbwa akae nyumbani. Kama Reteti wanavyotafuta kwanza familia ya ndovu, na sisi tutafute kwanza familia ya mtoto. Lakini hii ina maana kwamba watoto wanakuja kwetu. Wako njiani. Wengine wameshafika: mtoto wa dada yako aliyefariki, mjukuu aliyeachwa na binti yako aliyekwenda Saudia kutafuta kazi, kijana wa jirani ambaye sasa analala sebuleni kwako.

Nasi tunajua kupokea. Msibani sisi ni hodari. Tunasimama mbele ya jeneza tunasema, "Watoto hawa ni wa kanisa," na watu wote wanaitikia amina. Halafu Januari inafika. Sare ya shule ni ya nani? Daftari? Yule mtoto anaogopa giza, nani amejua? Anakojoa kitandani akiwa na miaka tisa, nani amekaa naye bila kumpiga? Analala kwako, anaitwa jina la kwako, anapigwa picha ya Krismasi pamoja na wako, na bado ana njaa ya kitu ambacho hujauliza ni nini. Yakobo katika sura ya pili anauliza kuna faida gani kumpa mtu maneno mema ya kwaheri huku mwili wake ukikosa chakula na nguo. Swali hilo lingali linasubiri jibu letu.

Nitakuambia kwa nini jambo hili linanishika hivi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka saba. Siku ya mazishi watu wengi walizungumza vizuri. Mama mdogo hakuzungumza, alikuwa jikoni. Jioni alikuja na blanketi moja, akanishika mkono, tukatembea hadi kwake. Hakuwa na vingi. Alikuwa na ng'ombe mmoja. Maziwa ya asubuhi yalikwenda kwa chama cha ushirika, na ya jioni alikuwa akiuzia hoteli moja ndogo ya barabarani, hiyo ndiyo ilikuwa sukari yake, sabuni yake, chumvi yake. Wiki ile ya kwanza nilikuwa sili. Ugali ulinikwama kooni. Wengine walisema mtoto ana kiburi, mwacheni, njaa itamfunza. Yeye aliniuliza, "Mama yako alikuwa akikupa nini jioni?" Nikamwambia, mursik.

Tangu siku hiyo maziwa ya jioni hayakwenda tena hotelini. Aliyaweka katika kibuyu. Kwa muda mrefu tulikunywa chai isiyo na sukari katika nyumba ile, na binamu zangu walijua sababu, na hakuna hata mmoja aliyenisema. Sikuelewa hesabu ile nikiwa mtoto. Niliielewa nilipokuwa na watoto wangu na bei ya sukari ikanifikia mimi mwenyewe.

Ndiyo maana nilipomwona mama Msamburu akifika na kibuyu chake cha maziwa ya mbuzi pale Reteti, sikuweza kuzungumza. Walimu wetu walidhani nina vumbi machoni. Niliwaacha wadhani hivyo.

Kwa hiyo nakuuliza mambo matatu, ujijibu mwenyewe mbele za Bwana.

La kwanza: kuna mtoto gani uliyempokea kwa maneno, ambaye hadi leo hujamuuliza anakula nini? Sisemi chakula peke yake. Muulize mama yake alikuwa akimwimbia wimbo gani. Muulize anaogopa nini. Jifunze maziwa yake. Usimpe ya kila mtu ukashangaa hanenepi.

La pili: kama wewe ni simba, yaani una moyo wa kulinda lakini huna maziwa, usione aibu kumwita mwenye nayo. Kamunyak alikuwa peke yake. Wewe huko peke yako. Una mchungaji, una mashemasi, una kikundi chako cha nyumbani. Nenda pia kwa chifu na kwa ofisi ya watoto, mtoto aandikwe vizuri, awe na cheti cha kuzaliwa, ulezi wako utambulike kisheria. Hilo nalo ni maziwa. Bila karatasi hizo, mtoto atakwama siku ya mtihani.

La tatu: kama huwezi kumchukua mtoto nyumbani, basi kamua mbuzi wako. Yule mama wa Namunyak hakai na ndovu chumbani kwake. Analeta lita alizonazo. Bibi anayelea wajukuu wanne huko Langas au Huruma hahitaji sote tuhamie kwake. Anahitaji mmoja wetu alete unga, mwingine alipe shule, mwingine akae na watoto Jumamosi moja ili naye apumzike mgongo. Na tukimpa, tumpe kwa heshima, kama binti Farao alivyomlipa yule mama, bila kumpiga picha ya kuonyesha watu.

Jumapili hii baada ya ibada, walimu waliokwenda Samburu watakaa na daftari mlangoni. Hatutachanga pesa siku hiyo. Tunataka majina tu: jina la mtoto, jina la anayemlea, na kitu kimoja kinachokosekana katika nyumba ile. Kisha tutaitana nyumba kwa nyumba tuone nani ana nini. Tafadhali usiandike "Amina" hapa chini halafu upite mlango mwingine.

Tuombe.

Baba yetu, wewe uliyewaona ndovu wakichimba mchanga kutafuta maji, unawaona pia watoto wa mji huu. Asante kwa waliotupokea tulipokuwa hatuna mtu. Wengine wamekwishakuja kwako, wape raha. Tupe huruma, na pamoja na huruma utupe maziwa. Yakiwa machache, tufundishe kuyagawa. Yakiwa kwa jirani, tupe unyenyekevu wa kumwita. Mtoto aliye shimoni usiku huu, tuma mtu amsikie kabla hakujapambazuka, na mtu huyo akiwa ni mmoja wetu, asilale. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.

Mbarikiwe sana. Tuonane Jumapili, na uje na kalamu.

Mchungaji wenu.